Likizo ya kiangazi Uingereza: pa kuwapeleka watoto bila kuvunja kibubu

SAFU YA MASWALI YA WASOMAJI

Katika toleo hili tunajibu barua tatu za wasomaji wetu wanaoishi Uingereza, zote zikihusu wiki sita za likizo ya kiangazi, ambazo katika sehemu nyingi za England huanza mwishoni mwa Julai na kumalizika mwanzoni mwa Septemba.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, na sasa naishi Barking, mashariki mwa London, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu wa miaka 4, 9 na 13. Mume wangu hufanya kazi ya usiku kwenye ghala na kulala mchana, kwa hiyo nyumba yetu ya vyumba viwili hutakiwa kuwa kimya saa zilezile ambazo watoto wanataka kukimbia. Mwaka jana niliwapeleka sinema mara mbili na mahali pa kuogelea mara moja, na pesa ya mwezi ikaisha tarehe 19. Nasikia kuna mengi ya bure, lakini kila nikipiga hesabu ya nauli na chakula naona hakuna cha bure. Nianzie wapi?
Mama wa watatu, Barking

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeligusa jambo lenyewe ulipotaja nauli na chakula, kwa sababu kiingilio ndicho kilicho rahisi kuliko vyote. Tangu Desemba 2001 majumba ya makumbusho ya taifa hapa England hayatozi kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu, na bustani za umma ziko wazi kwa kila mtu. Kinachomvua mzazi pesa ni safari ya kufika huko, na njaa inayowashika watoto saa saba mchana mbele ya mgahawa ambamo kipande cha keki kina bei ya mlo mzima wa nyumbani. Kwa hiyo mimi hupanga siku kwa kuanzia na basi na kikapu cha chakula, ndipo natafuta mahali pa kwenda.

London, mtoto aliye chini ya miaka 11 hupanda basi bure hata kama hana kadi, hivyo watoto wako wawili wadogo hawana gharama. Yule wa miaka 13 anahitaji kadi ya picha ya Zip Oyster ili naye apande basi bure. Kuiomba kuna ada na huletwa kwa posta, kwa hiyo usisubiri hadi shule zifungwe. Wewe unalipa nauli moja ya basi, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja tangu ulipogusa kadi mara ya kwanza, hutozwi tena. Najua kutoka Barking hadi katikati ya jiji kwa basi ni mwendo mrefu, na wapo wazazi wanaokata tamaa kwa hilo tu. Lakini mtoto wa miaka 4 aliyekaa kiti cha mbele kabisa cha ghorofa ya juu, matawi ya miti yakigonga kioo na daraja likimjia usoni, kwake matembezi yameshaanza. Mkichoka wakati wa kurudi, kwenye treni ya chini ya ardhi watoto hadi wanne walio chini ya miaka 11 husafiri bure pamoja na mtu mzima mmoja aliyelipa, na yule wa miaka 13 atalipa nauli ya mtoto.

Chakula kipikwe usiku uliotangulia: chapati zilizoviringishwa na mayai ndani, viazi vya kuchemsha, matunda, na chupa ya maji kwa kila mmoja. Usione haya kufungua kikapu chako. Wenyeji wa mji huu nao hufanya hivyohivyo.

Sasa mahali. Kama ningekuwa na siku moja tu ya kuwatoa watoto wako, ningewapeleka Natural History Museum, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1881 huko South Kensington. Agizeni tikiti ya muda kwenye tovuti yao kabla ya kwenda, ambayo nayo ni bure, kwa sababu foleni ya Agosti ni ndefu na jua ni kali. Ukumbini, juu ya vichwa vya watu, imening'inizwa mifupa yote ya nyangumi wa buluu mwenye urefu wa mita 25.2, aliyekwama ufukweni Ireland mwaka 1891. Mwanangu alipomwona kwa mara ya kwanza alikwenda akasimama chini ya taya, akatembea polepole hadi chini ya mkia huku akihesabu hatua kwa sauti, kisha akarudi kuhesabu tena kwa kuwa hakuamini hesabu yake. Hilo lilitosha kwa saa nzima.

Nawe uliyezaliwa Lindi una hadithi ya kuwapa watoto wako ambayo watoto wengine humo ndani hawana. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kilima kilicho katika mkoa wenu, ilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, na mmoja wa wanyama hao wakubwa kabisa amesimamishwa hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Kisha kati ya 1924 na 1931 Waingereza nao walipeleka msafara wao palepale kwa niaba ya jumba hili la London. Waliochimba na kubeba mizigo hiyo hadi bandarini Lindi walikuwa watu wa kwenu. Waambie watoto jambo hilo mkiwa mbele ya mifupa, si mkiwa nyumbani, uone watakavyoitazama.

Siku ya joto nendeni Granary Square, nyuma ya stesheni ya King's Cross, ambako zaidi ya mabomba 1,000 ya maji yanaruka kutoka kwenye sakafu na watoto hukimbia kati yake bila kulipa. Chukua nguo za kubadilisha na taulo. Young V&A, makumbusho ya watoto iliyoko Bethnal Green, ni karibu zaidi nanyi, ni bure, na yule wa miaka 4 ataipenda kuliko mahali pengine popote. Ushauri wangu wa mwisho kwako ni kutoka mara mbili au tatu kwa wiki na siyo kila siku. Siku nyingine bustani ya mtaani kwenu inatosha kumpa baba yao usingizi.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na mke wangu tuko Manchester na watoto wawili wa shule ya msingi. Visa yetu imeandikwa kwamba haturuhusiwi kupokea posho za serikali. Jirani alituambia kuna kambi za likizo za bure zenye michezo na chakula, lakini naogopa kuomba nisije nikaharibu maombi yetu ya baadaye. Je, hofu yangu ni ya kweli?
Baba mwenye wasiwasi, Manchester

JIBU: Ndugu yangu, naielewa hofu hiyo, nami inaniuma kuona inawanyima watoto kitu kilichotengwa kwa ajili yao. Mpango anaousema jirani yako unaitwa Holiday Activities and Food, hufupishwa HAF, na tangu 2021 unaendeshwa na halmashauri za England nzima kwa fedha za Wizara ya Elimu. Kwa kiangazi, mtoto hupata nafasi ya wiki nne, siku nne kwa wiki, saa nne kwa siku, akicheza, akijifunza na kula angalau mlo mmoja. Nafasi hizo ni hasa kwa watoto wa shule wanaopata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato kidogo cha nyumbani. Na hapa ndipo jibu lako lilipo: chakula cha bure shuleni hakihesabiwi miongoni mwa zile posho zilizokatazwa kwenye visa, na tangu mwanzoni mwa 2023 familia zenye masharti kama yenu zimeruhusiwa kwa kudumu kukiomba, mradi kipato na akiba yao visizidi kiwango kilichowekwa.

Nenda ofisi ya shule kabla ya muhula kwisha, useme waziwazi kwamba unataka kuwaombea watoto chakula cha bure kwa kigezo cha kipato, na kwamba visa yako ina sharti hilo. Taja neno kipato, kwa maana watoto wa madarasa ya mwanzo hula bure wote, na mzazi anaweza kudhani kwamba tayari ameandikishwa kumbe hajaandikishwa. Wasomaji wetu wa London walizingatie hili zaidi, kwani huko tangu Septemba 2023 watoto wote wa shule za msingi za serikali hula bure, na kula huko peke yake hakumpi mtoto nafasi ya HAF. Akishaandikishwa, shule au halmashauri itakutumia namba ya kuwekea nafasi. Itumie siku hiyohiyo, maana kambi za mpira na za kuogelea hujaa upesi.

Kwa siku ambazo hakuna kambi, Manchester Museum na Science and Industry Museum hazina kiingilio.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi kutoka Tanga, nimekuja Leicester kumsaidia binti yangu kulea wajukuu wawili wa miaka 6 na 8. Miguu yangu haiwezi safari ndefu, mvua ya huku haina msimu, na watoto wamekwama kwenye simu mchana kutwa. Kiswahili wanakisikia lakini wananijibu kwa Kiingereza. Nifanye nao nini?
Bibi wa Tanga

JIBU: Shikamoo, Bibi. Siku za mvua, nenda nao maktaba ya mtaa. Kadi yake ni bure, kuna joto, kuna viti, na kila kiangazi maktaba za Uingereza huwa na shindano la kusoma kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, lililoanza 1999. Mtoto huandikishwa bila malipo, huazima vitabu, kwa kawaida sita kwa likizo nzima, na kila anapokamilisha hatua hupewa zawadi ndogo, na mwisho cheti. Waache wasome kwa Kiingereza, kisha kila mmoja akusimulie kwa Kiswahili kitabu alichomaliza, nawe usimsahihishe kila neno, muulize tu, "Halafu ikawaje?" kama ulivyokuwa ukiulizwa wewe wakati wa hadithi. Kwa kuwa hujui kitabu hicho, atalazimika kukueleza kweli.

Mvua ikikatika, shuka nao bustanini mkiwa na soksi kuukuu. Jaza soksi moja kwa nyingine, uikunje na kuifunga hadi iwe mpira, halafu wafundishe rede: wawili wasimame pande mbili wakirusha, wa katikati akwepe huku akijaza mchanga kwenye chupa, na mpira ukimgusa ametoka. Wakiwa wawili tu watamhitaji wa tatu, na mtoto wa jirani akishaona hatakawia kuja. Mchanga mtaupata kwenye uwanja wa watoto. Pasipokuwa na mchanga, majani makavu yanafaa. Wewe kaa kwenye benchi, uhesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, na anayetaka kubisha hesabu yako abishe kwa Kiswahili.