Kwa mwalimu mpya wa kisomo: usianze na kupakua

Mwalimu mwenzangu unayeanza darasa la jioni la watu wazima, huenda usiku wa leo ukashika simu na kutafuta mazoezi ya hesabu na Kiingereza ya bure, upakue hadi bando likate. Nami nilianza hivyo, Mbagala, Dar es Salaam.

Niliyoyapenda zaidi ni yale ya BBC Skillswise, kazi nzuri ya Uingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Nikaenda steshenari. Wanakisomo 12, kurasa tatu kila mmoja, kopi shilingi 100: zikanitoka 3,600 kwa kitu cha bure. Zoezi la kwanza lilikuwa la chenji ya paundi na peni. Darasa kimya. Mama mmoja muuza vibua, ambaye kila jioni mimi humwamkia shikamoo kabla ya kipindi, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hii hela ya wapi?"

Nikaweka karatasi pembeni. Vibua 35, kila kimoja shilingi 500? Hata sijafunga mdomo, akajibu: "Elfu kumi na saba na mia tano." Nikampa chaki. Akaandika 17000500, vilevile alivyotamka.

Kumbe kuhesabu anajua kuliko nilivyodhani. Alichokosa ni nafasi za tarakimu, na katika rundo lote nililopakua hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa kumsaidia, kwa sababu nilipakua kabla sijamfahamu.

Kwa hiyo jioni ya kwanza waombe walete kitu kimoja cha nyumbani kinachowatatiza kusoma. Kwangu zilikuja risiti za umeme wa Luku, ujumbe wa miamala ya simu, daftari la kikoba, pakiti za dawa. Tokeni ya Luku ina tarakimu 20: mmoja anasoma nnenne, mwenzake anaandika. Ujumbe wa muamala una kiasi, makato na salio, hesabu ya kutoa iliyokamilika. Ila wafunike salio zao. Hali ya mtu haianikwi ubaoni. Njia hii ina mizizi hapa nchini. Mradi wa kisomo wa Kanda ya Ziwa ulioanza 1968 kwa ushirikiano na UNESCO ulijenga vitabu vyake juu ya pamba, ndizi na uvuvi, kazi ambazo watu walikuwa wakizifanya.

Ukishajua wanachokosa, sasa ingia mtandaoni. Kwa nafasi za tarakimu, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bila malipo, na vya madarasa ya chini vinaeleza vizuri. Nakili zoezi ubaoni tu. Ukimpa mtu wa miaka 50 ukurasa wenye picha za watoto na puto, kesho hutamwona. Skillswise nayo nilikuja kuirudia: asilimia zake nilizigeuza kuwa riba ya kikoba, paundi zikawa shilingi, na darasa likachangamka.

Kwa Kiingereza, tovuti ya LearnEnglish ya British Council imepangwa kwa ngazi. Anzia A1, ngazi ya wanaoanza, pakua sauti mara moja, kisha warushiane kwa simu bila kula bando. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi zilizopo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na leseni yake inaruhusu kuchapa na kutafsiri. Ni za watoto, lakini hapa nalegeza msimamo wangu: bibi anayejifunza ili amsomee mjukuu wake hajashushwa hadhi.

Kuna somo moja ambalo sikulipata popote. Mwanakisomo wangu mmoja, mfanya usafi, aliandikiwa kwenye karatasi afike kazini 8:00 a.m. Akafika saa nane mchana, na kazi akaikosa. Vifaa vya Kiingereza vinafundisha saa kama vile kila mtu duniani huanza kuhesabu usiku wa manane, wakati sisi tunaanza na jua linapochomoza. Nikachora nyuso mbili za saa ubaoni, mishale ikielekea palepale. Chini ya moja nikaandika saa mbili asubuhi, chini ya nyingine 8:00 a.m. Chini yake nikaongeza: ukitaka ya Kiingereza, jumlisha sita, ikizidi 12, toa 12. Sikumwambia mtu anakili. Wote walinakili, na yule mfanya usafi akauliza kama ninayo karatasi nyingine, akaibandike mlangoni kwake.