Yakianza Kunyauka, Nimeshachelewa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Maua uliyopewa yakianza kunyauka, huwa unayafanya nini?" Nimelisoma mara mbili, maana kukausha maua ni kazi niliyoishi nayo miaka kumi na moja sasa. Niwieni radhi nikianza kwa kulipinga swali lenyewe kidogo. Ua likianza kunyauka, mimi nimeshachelewa. Ua la kuhifadhi hukaushwa likiwa zima, katika siku yake nzuri kuliko zote, siku ambayo hakuna mwenye moyo wa kuligusa. Ugumu wa kazi hii uko hapo, wala hauko kwenye gundi au fremu.

Nilijifunza kwa uchungu. Dada yangu alipoolewa alinikabidhi shada lake la mawaridi meupe na mekundu, akaniambia, "Nitunzie hili, mdogo wangu." Nililitia kwenye chombo cha maji sebuleni, nikawa nalitazama. Kila asubuhi nilisema kesho. Siku ya saba kingo za petali zilikuwa zimeshageuka kahawia, ndipo nikalining'iniza kichwa chini bafuni, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na msumari. Baada ya siku kumi nilipolitanua kwa vidole nilikuta ukungu wa kijivu umejaa katikati, na harufu ya kitu kilichooza. Nilimweleza dada ukweli. Hakunilaumu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kule ndiko kulikonifanya nitake kujua nilikosea wapi.

Nilikosea pawili. Kwanza, ua lililokatwa bado li hai: linapumua, linatumia akiba yake ya sukari, linazeeka. Kukausha hakurudishi ujana; kunalisimamisha palepale lilipofikia. Ukilikausha limechoka, utabaki na uchovu wake milele. Pili, sehemu kubwa ya petali ni maji, na tangu unapolikata ua mambo mawili hushindana: maji kutoka, na vimelea vya ukungu kuingia. Bafuni, penye mvuke kila siku, nilikuwa nimeupa ukungu ushindi.

Siku hizi nakata saa nne asubuhi hivi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Sikati ua lililofunguka lote, kwa sababu huendelea kufunguka likiwa linakauka. Lililofunguka kabisa humwaga petali zake sakafuni. Nalichukua likiwa limefunguka nusu, au zaidi kidogo ya nusu. Majani ya chini nayaondoa, kisha nafunga vikonyo vitano hadi vinane kwa mpira. Msitumie uzi. Vikonyo husinyaa vikikauka, na uzi hausinyai navyo, basi usiku mmoja mtasikia maua yanadondoka moja baada ya jingine. Mpira hujikaza wenyewe. Vishada hivyo natundika kichwa chini mahali pakavu, penye hewa, na penye giza. Giza nalisisitiza, kwa kuwa mwanga ndio unaokula rangi. Mimi natumia sehemu ya juu ya kabati la nguo, mlango nikiuacha wazi kidogo. Huchukua wiki moja hadi tatu. Najua yako tayari nikikunja kikonyo na kikavunjika kwa mlio. Kikipinda bila kuvunjika, narudisha na kusubiri.

Rangi hazitabaki zilivyokuwa, na ni heri mtu alijue hilo kabla ya kuanza. Waridi jekundu hukolea hadi kukaribia weusi. Jeupe huwa na rangi ya pembe za ndovu. Asumini, masikini, huwa kahawia karibu kila ninapojaribu, nami nimeacha kuisumbua. Nyekundu na zambarau nyingi za maua hutokana na anthosianini, rangi inayobadilika kulingana na uchachu wa maji yaliyomo ndani ya petali, kwa hiyo maji yakiondoka nayo hubadilika. Njano na machungwa, ambazo hutokana na rangi nyingine iitwayo karotenoidi, kwangu zimekuwa zikivumilia zaidi.

Yapo maua ambayo ni kama yalizaliwa makavu. Helikrisamu ndiyo ninayoipenda kuliko yote: zile zinazoonekana kuwa petali zake ni vijani vigumu kama karatasi hata ua likiwa shambani. Gomfrena ni vivyo hivyo, na statisi ya zambarau. Bogenvilia nayo, sehemu zake zenye rangi ni majani, na ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo cha katikati. Ndiyo maana hukauka vizuri huku ikibaki nyepesi kama karatasi ya kufungia zawadi.

Baba yangu haoni tena. Mwaka juzi nilimpelekea shada la helikrisamu na statisi, nikalaumiwa na ndugu kwamba nampelekea maua mtu asiyeyaona. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya ua moja, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Likatoa mchakaro mdogo, mkavu. Akarudia. Akaniuliza, "Hili lina ncha, na hili jingine mbona kama kitambaa?" Tangu hapo namtengenezea mashada ya kusikilizwa. Nachagua kwa kufumba macho kwanza: vichwa vya mbegu vinavyocheza vikitikiswa, majani ya mkaratusi niliyoyanywesha gliserini (sehemu moja ya gliserini kwa mbili za maji ya moto, mashina yakiwa yamepondwa kidogo nchani, wiki mbili au tatu), ambayo hayakauki yakavunjika bali hubaki laini na mazito mkononi. Nisingejua lolote kati ya hayo kama ningeyatengeneza kwa ajili ya macho tu.

Kubana maua ni njia nyingine, na kwa anayeanza ndiyo ningemshauri, kwa sababu inahitaji kitabu kizito na subira tu. Petali ziwe kavu kabisa kwa nje. Ua lilazwe kati ya karatasi mbili zinazofyonza maji, zisizo na nakshi, kwa kuwa nakshi hiyo itajichora kwenye petali. Karatasi za kung'aa hazifai, hazinywi maji. Nabadilisha karatasi baada ya siku mbili, kisha baada ya siku nne nyingine, halafu nafunga kitabu na kuweka uzito juu. Kubadilisha karatasi kunachosha, na wengi huruka hatua hiyo, halafu wanashangaa mbona ua limepata madoa. Ua nene kama waridi halibaniki zima. Ama ulipasue katikati kwa wembe, ama ubane petali moja moja na kuliunga upya baadaye.

Wiki ya tatu ndipo nafungua. Hapo huwa naifunga feni na kukaa mbali na dirisha. Nafunua karatasi ya juu kutoka pembeni, si kwa kuinyanyua, bali kwa kuirudisha nyuma kama mtu anayevua soksi kwenye mguu wenye kidonda. Mara nyingi ua hung'ang'ania karatasi kwa petali moja. Napitisha ncha ya kisu butu chini yake, nasubiri, napitisha tena. Likiachia, unaona mishipa ambayo ua bichi halikukuonyesha hata siku moja: mistari myembamba inayotoka kwenye kikonyo na kugawanyika hadi ukingoni. Nalinyanyua kwa kibano, nikishika karibu na kikonyo. Ukishika petali, inakatika.

Watu huniuliza kama vitu hivi vinadumu. Nawajibu kwamba kazi hii haikuanza na sisi wa kutengeneza kadi. Luca Ghini, mtaalamu wa mimea aliyefundisha Pisa, Italia, katika karne ya 16, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kukausha mimea chini ya uzito na kuibandika kwenye karatasi ili isomwe hata wakati ambao bustani haina kitu. Mimea aliyoikusanya Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, katika karne ya 18 bado iko London, kwenye karatasi zake, na wataalamu wanaendelea kuitazama. Na lilipofunguliwa kaburi la farao Tutankhamun huko Misri, mwaka 1922 na miaka iliyofuata, mlikuwa na mashada ya maua yaliyokaa humo zaidi ya miaka 3,000, gizani na pakavu. Giza na ukavu: ni yaleyale ninayoyatafuta juu ya kabati langu.

Kwa waridi ninayotaka ibaki na umbo lake, natumia jeli ya silika. Ni chembechembe kama mchanga mkubwa zinazovuta maji. Natandika kiasi cha vidole viwili chini ya kopo lenye mfuniko, nakata kikonyo kibaki sentimita tatu, nasimamisha ua likitazama juu. Kisha namimina chembe kwa kijiko pembeni, kidogo kidogo, ziingie kati ya petali na kuzishikilia kabla ya kulifunika lote. Ukimwaga kutoka juu, uzito hulilaza. Petali nyembamba ni siku mbili tatu. Waridi nene ni hadi wiki. Chembe zikishashiba maji hukaushwa kwenye oveni, kama nyuzi 120, kwa saa mbili hivi, zikatumika tena. Fungeni pua na mdomo wakati wa kumimina, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu, na chombo mlichokaushia kisirudi jikoni. Chembe za buluu zinazogeuka rangi ya waridi zikishika maji mimi nimeziacha, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na kobalti kloridi, ambayo ni sumu.

Kuhusu vya kutengeneza, sina mengi, kwa sababu kila mtu ana jicho lake. Mimi napenda fremu yenye ua moja tu na nafasi tupu kubwa kuzunguka. Nafahamu kwamba wengi hujaza hadi pembeni, lakini ua kavu ni kitu cha sauti ya chini, na likisongwa halisikiki. Gundi nyeupe natia tone dogo kwa kijiti cha meno, nyuma ya kitovu cha ua pekee. Petali naziacha huru, la sivyo gundi hupenya na kutia doa mbele. Kuyapulizia maua rangi ya dhahabu sijapata kuona faida yake. Wanaotaka kuyamwagia resini, ile gundi ya majimaji inayoganda kama kioo, wahakikishe yamekauka hadi ndani ya kitovu, kwa sababu unyevu uliobaki huleta mapovu na baadaye weusi, na hapo hakuna kurekebisha. Kwenye mishumaa nawaomba sana: maua yakae nje kabisa, mbali na utambi. Petali kavu ni kuni. Na mwenye watoto wadogo asikaushe oleanda kwa ajili ya bakuli la mezani. Ukavu hauondoi sumu yake.

Fremu isikae mahali jua linapopiga. Na ukiona unga mwembamba chini ya shada, ni wadudu. Fungeni shada ndani ya mfuko usioingiza hewa, mliweke kwenye friza kwa siku 14, halafu mliache ndani ya mfuko huohuo hadi liwe na joto la chumba ndipo mfungue, ili unyevu usigande juu ya petali.

Sasa nirudi kwenye swali lenu, kwa sababu najua wengi wanaosoma hapa wana chombo mezani chenye maua ambayo siku yake nzuri ilishapita. Msiyatupe yote. Vunjeni kila ua na kulikagua. Petali za nje huharibika mapema, lakini za ndani mara nyingi bado ni nzima, na matumba ambayo hayakufunguka huwa salama kuliko yote. Zile nzima zibaneni siku hiyohiyo. Vichwa vya mbegu viacheni vikauke. Yaliyobaki yarudi kwenye udongo.

Hivyo ndivyo nilivyofanya na shada la dada, ingawa wakati huo sikujua ninachofanya. Nilipokuwa nalitia kwenye pipa niliona tumba moja jeupe la pembeni ambalo ukungu haukulifikia. Lilikuwa kavu tayari, gumu, halibaniki. Nikalishikilia juu ya mvuke wa maji ya moto kidogo tu, likalainika, nikazitoa petali moja moja na kuzibana ndani ya kamusi. Zilipona saba. Dada amezitundika kwenye fremu chumbani kwake, upande usiopigwa na jua, na moja ina doa la kahawia ukingoni. Niliwahi kumwambia nimtengenezee nyingine isiyo na doa, akakataa.

Msomaji wenu