Mashine ya boti kuchemka: anzia kwenye njia ya maji

Kaka wa Mikindani, unasema mashine yako ya farasi 15 inachemka ukishavuka mlango wa ghuba, na maji ya kitundu cha nyuma yamekuwa kama uzi. Tafadhali usiende nayo tena hivyo. Ukizimikiwa huko nje kusi likivuma, ni hatari.

Kwanza angalia matundu ya kunyonyea maji, huko chini karibu na propela. Mkipita maji yakiwa yamekupwa, mashine hunyonya mchanga na majani, na mfuko wa plastiki ukinasa ndiyo basi.

Pakiwa safi, mwambie fundi afungue pampu. Ndani kuna impela ya mpira yenye mabawa. Ikunje kwa kidole: bawa lenye ufa, au lililolala upande mmoja lisirudi, halisukumi maji. Weka mpya. Na usiwashe mashine nchi kavu bila maji, hata kidogo. Mpira huungua upesi sana.

Mafundi wengi watakushauri ung'oe temostati, ile vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya kupoza. Mimi nakataa. Temostati za mashine hizi nyingi hufunguka nyuzi 50 hadi 60, joto dogo kuliko la gari, kwa sababu maji ya bahari yakipata moto zaidi huganda chumvi kwenye njia zake. Lakini ukiing'oa, mashine huwa baridi mno na petroli haiungui vizuri. Badala yake, tumbukiza temostati kwenye sufuria ya maji jikoni, uyachemshe uone kama inafunguka.

Kila ukirudi, iendeshe mashine dakika 10 kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi.