Ukungu ukutani: nani atengeneze, wewe au mwenye nyumba?

Dada, pole sana. Ukungu mweusi nyuma ya kabati, mtoto anakohoa usiku, na mwenye nyumba anakulaumu eti hufungui madirisha. Nakuelewa, nimeishi hivyo hapa Kampala misimu miwili ya mvua.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Futa sehemu ya ukuta ikauke, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, uache siku mbili. Ukikuta unyevu upande wa ukutani, maji yanapita ndani ya ukuta: bati linavuja, bomba limepasuka, au msingi unanyonya maji. Hilo ni la mwenye nyumba. Unyevu ukiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kupikia na nguo zinazoanikwa ndani, na hapo kupitisha hewa ni wajibu wako. Kwangu ilikuwa mfereji wa bati ulioziba majani.

Sheria ya Uganda ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inamtaka mwenye nyumba akupe nyumba inayofaa kukaliwa na watu. Mwandikie, hata kwa WhatsApp, pamoja na picha. Akinyamaza, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wako. Tafadhali usiache kulipa kodi kwa hasira, utampa sababu ya kukutoa. Akitishia kukutoa, hawezi bila amri ya mahakama.

Usipake rangi juu ya ukungu, utarudi tu. Ukisugua kwa dawa ya klorini, usiichanganye na siki wala dawa nyingine. Mtoto mpeleke kwa daktari wiki hii, na usiku alale chumba kikavu.