Kuisikiliza saa ya mkononi inayogonga

Mkuu, umeuliza utajuaje kama hiyo minit ripita ya mzee wako, yaani saa inayokugongea muda ukiisukuma kitufe chake, ina sauti nzuri kabla hajaiuza. Kwanza toka hapo Mwanga sokoni, bodaboda zitaimeza yote, nenda nayo chumbani na feni uzime. Afu iseti 12:59, ndo ndefu kuliko zote, itagonga masaa 12 kwa sauti nzito, robo 3 kwa milio miwilimiwili, kisha dakika 14 kwa sauti nyembamba, sasa hapo sikiliza mwendo, mapigo yaachane sawasawa hadi la mwisho, yakianza kuburuza ujue inataka fundi. Sikiliza pia mlio unakaa hewani muda gani kabla haujafa, mi hicho nakipa uzito kuliko ukubwa wa sauti, wengi wanakimbilia kubwa tu. Kasha la platinamu huwa linafifisha, dhahabu nyekundu na titaniamu zinaachia zaidi, so usilinganishe ovyo. Mvumo wa gavana, kile kidude cha kutuliza kasi, usizidi mlio. Na tafadhali usizungushe mishale wakati inagonga, utaharibu mashine.