Marko 9:14-29: usimbebeshe mzazi lawama

Wahubiri wengi hudaka mstari wa 23, "Yote yawezekana kwake aaminiye", wakauacha uliobaki. Mama mwenye mtoto wa kifafa, ameketi benchi la nyuma kanisani Nakivale au Kitgum nchini Uganda, anaondoka na neno moja: mtoto hajapona kwa kuwa imani yangu ni haba.

Anza kusoma mstari wa 14, kwa sauti, bila kuruka: baba amemleta kwa Yesu mwanawe mwenye pepo anayemwangusha. Walioshindwa kumtoa pepo ni wanafunzi (18). Wao ndio wanaouliza faraghani mbona hawakuweza (28), na katika Mathayo 17:20 upungufu wa imani unatajwa kuwa wao. Baba hagombezwi popote kwa ugonjwa wa mwanawe. Hata "Ukiweza!" ya Yesu (23) ni maneno ya baba mwenyewe (22) anayorudishiwa: katika Kiyunani Marko ametanguliza kibainishi (neno dogo kama "the" ya Kiingereza), kazi yake hapo ikiwa kama ya alama zetu za kunukuu. Ukiisoma kwa ukali, umeiharibu.

Kisha mstari wa 24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nusu mbili, pumzi moja. Yesu hangoji nusu ya pili itengenezwe. Mstari unaofuata anamkemea pepo.

Sasa mstari wa 29, kwamba pepo wa namna hii hatoki ila kwa kuomba, ambao ndio unaoleta madhara. Nakala za kale kama Sinaiticus na Vaticanus zina "kuomba" tu; "na kufunga" halimo. Huu si ubishi wa wasomi tu. Kwa jina la mstari huu watoto hunyimwa chakula, hukeshwa usiku kucha na kuachishwa vidonge, ilhali kukosa usingizi huchochea kifafa, na kukatiza dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Mzazi anayeombewa aambiwe waziwazi, mbele ya watu, kwamba dawa iendelee.

Usiruke mstari wa 21 pia. Yesu anauliza: tangu lini? Uliza hivyo hivyo kabla ya kuweka mikono, ukasikilize jibu mpaka mwisho. Moto na maji vya mstari wa 22 si mafumbo: watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa (nodding syndrome, aina ya kifafa) kule Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa Uganda, wameungua mekoni na kuzama majini. Kwa hiyo baada ya maombi ulizeni nani atainua mafiga au kuyazungushia ukuta wa udongo, na nani atakwenda na mtoto kisimani.

Mstari wa 26 watu wanasema amekufa. Mtoto akiangukia ibadani mtasikia hayo hayo. Msiweke kijiko wala kitu chochote mdomoni, msimshike kwa nguvu. Ondoeni benchi, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni ubavu, na mmoja atazame saa. Zikipita dakika tano degedege halijakoma, bodaboda haifai. Tafuteni gari aende kituo cha afya akiwa amelala ubavu.