Gari la Babu Limo Uani: Je, Ni la Kale?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Marehemu babu yetu ametuachia Morris Minor, nalo limo uani hapa Mkunazini, Unguja. Vijana wanataka tuanzishe chama cha wapenzi wa magari ya kale. Vyama hivi vilianzia wapi, na je, gari letu linastahiki?

JIBU: Waalaykumu salaam. Asili yake ni Uingereza, na chanzo ni sheria. Hadi mwaka 1896 gari la huko halikuruhusiwa kupita maili 4 kwa saa, tena mtu alilazimika kulitangulia kwa miguu, utadhani linasindikizwa harusini. Tarehe 14 Novemba mwaka huo kikomo kilipopandishwa hadi maili 14, wenye magari walisherehekea kwa kuyaendesha kutoka London hadi Brighton. Safari hiyo ilirejewa kwa kumbukumbu mwaka 1927, na mwaka 1930 washiriki wake wakaunda Veteran Car Club, chama cha wapenzi wa magari ya kale.

Kuhusu gari lenu, FIVA, shirikisho la kimataifa la vyama vya magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, hutaka gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, lihifadhiwe katika hali yake ya asili, na lisiwe chombo cha safari za kila siku. Morris Minor iliundwa kuanzia 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo umri si tatizo. Tunachohofia sisi ni kutu ya upepo wa bahari: gari hili halina chesisi ya pekee, yaani fremu ya chuma ya chini, bodi ndiyo inayobeba uzito wote, basi kagueni sakafu na chini ya milango kabla ya kuhangaikia rangi.